Chai Isiyochumwa Nyuma ya Kanisa

Mama Nyaboke amefariki, na kati ya watu walio hai mimi peke yangu ndiye ninayedhaniwa kujua mahali alipozikwa mtoto wake. Habari zilinifikia Jumatatu nikiwa jikoni nasonga ugali. Aliyepiga simu ni binti yake, Nyaboke mwenyewe, mtu niliyewahi kumwona mara moja tu maishani. Alinieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi. Mama yake angezikwa Jumamosi nyumbani kwao upande wa Kisii, na kabla ya kukata roho alikuwa ameomba jambo moja: wachukue udongo kidogo kutoka kaburi la Nyakundi, yule mtoto mchanga aliyebaki Kericho nyuma ya kanisa la mawe, wauweke pamoja naye kaburini. "Alisema tukutafute wewe, Mwalimu," Nyaboke akaniambia. "Alisema yule msichana wa kanisa ndiye alimwonyesha mti. Mti unaujua, sivyo?" Nikasema naujua. Nilijibu haraka, kama mtoto anayeulizwa kama amenawa mikono. Simu ilipokatika nilikaa hapo hapo mpaka ugali ukaungua, nami nimeishi miaka sitini na kitu bila kuunguza ugali.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilingoja nafasi ya chuo cha ualimu, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa shule nzima, nilipelekwa kukaa na Mzee Mosonik, mtunzaji wa kanisa, na mkewe tuliyemwita Kogo, yaani nyanya. Kanisa lenyewe lilijengwa na Wazungu wa chai zamani za ukoloni. Kuta za mawe ya kuchongwa, paa la vigae vya mbao, kengele iliyokuja kwa meli, na dirisha la vioo vya rangi juu ya madhabahu ambalo asubuhi lilimwaga rangi nyekundu kwenye benchi la mbele. Wakati wao, Mwafrika aliingia humo kufagia tu. Walipoondoka, sisi tukaingia na nyimbo zetu na watoto wetu wanaolia, lakini vibao vyao vya shaba vilibaki ukutani na wafu wao walibaki nje, ndani ya ua wa miiba ya kayaba, kila mmoja na jiwe lake na jina lake. Kitabu cha maziko kilikuwa kimeliwa na unyevu. Kazi yangu ilikuwa kusugua mawe yale, kusoma majina na kuyanakili kwenye kitabu kipya, kwa sababu mwezi wa nane wangekuja wageni kutoka Uingereza, wajukuu wa wale wajenzi, na baraza la kanisa halikutaka aibu.

Nililala katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu vya nyimbo. Kilinuka karatasi na mafuta ya taa, na ukuta wake wa mbao ulipakana na jikoni kwa Kogo, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kuni zikivunjwa, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kikitikiswa, mboga za sageti zikichemshwa na maziwa. Jioni tulikula ugali wa wimbi, watu watatu na paka mmoja, na Mzee aliniuliza nimefika wapi. Namwambia, leo nimefika kwa mhandisi aliyekufa kwa homa. Leo nimefika kwa bibi aliyekufa akijifungua, na mtoto wake kando. Yeye anatikisa kichwa na kutafuna. Siku moja nilikuwa chumbani navua gamboti nikamsikia Kogo akisema upande wa pili wa ukuta, "Na wale wa nyuma, atawaandika lini?" Mzee akajibu kwamba wale hawana mawe. Kogo akasema, basi mwambie wako wapi. Mzee akasema, "Wafu wa watu hawatajwi hovyo, mama. Ataambiwa na wenyewe." Nilisikia vizuri kabisa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutoka nikauliza, na jibu ninalopata linaniudhi: nilikuwa na njaa, na niliona ni mambo ya wazee.

Nyuma ya kanisa, nje ya ua wa kayaba, palikuwa na kipande cha ardhi kisichokuwa cha mtu, kati yetu na shamba kubwa la chai la kampuni. Hapo ilisimama miti kumi na mmoja ya chai. Nasema miti kwa sababu ilikuwa imeachwa bila kuchumwa wala kukatwa hadi ikampita mtu urefu, ikatawanyika bila mstari, mmoja hapa, miwili pale, na majira yake ikitoa maua madogo meupe yenye moyo wa manjano. Asiyejua chai hawezi kuelewa jinsi jambo hilo lilivyoniwasha. Kwetu, karibu na Litein, chai ikifika kiunoni tu watu wa njiani wanaanza kuuliza kama mwenye shamba ni mgonjwa au ni mlevi. Mama yangu aliweza kupita shamba la jirani na kutambua ugomvi wa mke na mume kwa kutazama meza ya chai yao, ule usawa wa juu wa kuchumia, ilivyopanda na kushuka. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza Mzee mbona ile haikatwi. Alinitazama kwa macho yake yaliyokuwa yameanza kufunikwa na utando mweupe. "Chelangat, hiyo chai usiguse," akasema. "Hiyo wacha vile iko." Hakuongeza neno, nami nikahesabu kwamba uzee ni uvivu wenye ndevu.

Wakati wa Pasaka niliona mwanamke huko. Nilikuwa dirishani mwa chumba cha mchungaji nikinakili, mvua imekatika, na yeye alikuwa ameketi juu ya gunia chini ya mmoja wa ile miti, miguu imenyooshwa, chupa ya chai pembeni. Alikuwa akiongea. Nikadhani ni mchumaji wa kampuni anayepumzika, tena anayejisemea kama wengi wafanyavyo wakiwa wamechoka. Alikaa muda mrefu, akamega ndizi, nusu akala na nusu akaiweka chini, halafu akakunja gunia akaenda zake. Nilimwona kwa macho yangu haya. Lakini alikuwa chini ya mti upi? Ninapofumba macho namwona wazi, leso yake ya buluu, visigino vyake vilivyopasuka, ndizi, kila kitu ila mti. Wakati mwingine uko kushoto karibu na ua, wakati mwingine uko kulia karibu na mfereji.

Mwezi wa saba Mzee alipelekwa hospitali ya Kapkatet kuangaliwa macho, Kogo akaenda naye, wakakaa siku tisa. Wageni walikuwa njiani. Nilikuwa nimesugua kila jiwe, nimepaka chokaa ukingo wa njia, nimepunguza kayaba hadi mikono ikachubuka. Nikazunguka kanisa nikilitazama kwa macho ya mgeni, nami nikaona nyuma kule ile miti ya chai ikichungulia juu ya ua, na aibu ikanipanda kana kwamba ni shamba letu. Niliwaza: wakija kutoka kwao mpaka hapa, kwenye nchi ya chai, wataona hatujui hata kukata chai. Nikaenda kwa jirani nikaazima panga la kupogolea. Nilifanya kazi ile vizuri, na ninataka hilo lijulikane, kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Nilikata yote kumi na mmoja usawa wa magoti, kwa mshazari ili maji yasitue juu ya kidonda, nikapanga matawi juu ya visiki kuvikinga jua, kama mama alivyonifunza. Katika kutandaza matawi nilipata chini ya miti vitu vidogo: kikombe cha bati kilichoshika kutu, shanga, ganda la ndizi lililokauka. Nikavizoa na takataka nikachoma. Kisha nikasimama mikono kiunoni, nikajipongeza.

Mzee alirudi na jicho moja limefungwa pamba. Alizunguka nyuma ya kanisa peke yake, nami nikamfuata nikingoja sifa. Alisimama, akavua kofia. Halafu akarudi ndani ya ua akakaa juu ya kaburi la yule mhandisi wa homa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akaniambia bila kupandisha sauti, "Mama, umekata watu."

Ndipo nikaambiwa. Zamani, mfanyakazi wa kampuni akifa, au mtoto wake, na njia ya kumpeleka kwao isipatikane, walimzika hapo nyuma, kwa sababu ndani ya ua palikuwa pa Wazungu. Msalaba haukuruhusiwa. Basi wenzake walichukua mche kutoka kitalu cha chai wakaupanda kichwani pake, na kuanzia siku hiyo hakuna mkono uliochuma jani lake; ilikuwa ndiyo chai pekee katika nchi nzima isiyokuwa na kazi. Uhuru ulipokuja hakuna aliyeandika lolote, ila wenyewe walijua, na Mzee alijua kwa sababu alikuwapo. Nikasema, kama mtu mwerevu, si neno, Mzee, chai ikikatwa huchipua, utanionyesha upi ni wa nani na nitaandika. Akainuka tukaenda. Kumbe alikuwa akiitambua kwa kuipapasa, hasa tangu macho yalipofifia: uliogawanyika kifuani, uliolala upande mmoja, wenye kovu. Vyote vile nilikuwa nimevikata. Alipapasa visiki kimoja baada ya kingine. Vinne alivitaja. Vingine akavirudia, akasita, akarudi tena alikotoka. "Huu ni wa mama wa Kisii," akasema juu ya kimoja karibu na ua. "Yule wa Pasaka." Kisha akasimama kwenye kimoja karibu na mfereji, mkono umetua juu yake. "Ama ni huu." Nikamwambia nilimwona mimi mwenyewe yule mama akiwa ameketi, na akageuka haraka kwa matumaini, uso wake wote umefunguka. "Alikuwa wapi?" Nikatazama ule wa karibu na ua, kisha ule wa karibu na mfereji.

Wageni walikuja, wakala keki ya Kogo, wakapiga picha. Mama mmoja mzee kati yao alipiga magoti kwenye jiwe la kaka yake akalia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kunishukuru kwa usafi. Nilimwonea huruma kweli, na papo hapo nilimwonea wivu kwa lile jiwe. Akauliza, huko nyuma kuna nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ni chai tu. Baraza lilikuwa limenipa pia kazi ya kuandika historia ya kanisa kwa ukurasa mmoja, ikatundikwa ukutani ndani ya fremu, nani alitoa mawe, nani alitoa kengele, askofu gani alibariki. Mzee hakujua kusoma, akaomba nimsomee. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza mahali panapotaja waliobeba mawe. Nikamwambia nafasi haikutosha, na ilikuwa kweli, mwandiko wangu ulikuwa mkubwa.

Yule mama wa Pasaka alikuja siku mbili kabla ya Krismasi, akiwa na gunia lake na chupa ya chai, na pembeni yake msichana mrefu aliyevaa sweta ya shule. Huyo ndiye Nyaboke. Visiki vilikuwa vimeshachipua majani, yote urefu mmoja, yote mazuri. Mama Nyaboke alifika katikati akasimama. Akaenda hatua tatu, akarudi. Alizunguka, mkono ukiwa juu ya kifua, na nilimwona akianza kuhema. Mzee alikuwa kando yangu, kofia mkononi. Yule mama aliponiona hakumuuliza Mzee, aliniuliza mimi, labda kwa sababu nilikuwa na kitabu. "Msichana, mti yangu iko wapi?" Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno ya kuomba msamaha, wiki nzima, mbele ya kioo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ni huu, Mama." Nikaonyesha ule wa karibu na ua. Alinitazama. Akatazama kisiki. Kisha akatandika gunia, akaketi, akamimina chai kikombe kimoja akakiweka chini, na kwa lugha yao akaanza kumweleza mtoto habari za mwaka. Niliondoka nikaenda kulia kwenye stoo ya vitabu. Mzee hakunitaja kwa mtu hata siku moja, wala hakunisemesha juu yake. Mwezi uliofuata nilipata chuo. Kogo aliniambia baadaye kwamba yeye na Mzee walikuwa wakibishana jikoni kama nilifanya wema au nilifanya ubaya, na kwamba kila mmoja alikuwa akibadilisha upande.

Mimi nimebadilisha upande kwa miaka arobaini na kitu. Nimefundisha watoto wasidanganye, nimewachapa waliodanganya, wakati huo huo nikijua kwamba kila Pasaka na kila Krismasi kuna mwanamke anayevuka mpaka wa Kisii kuja kukaa mahali nilipomweka kwa kidole changu. Kuna mwaka nilipanda gari hadi njia panda ya kanisa ili nimwambie, nikashuka, nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani. Sijui hata leo kama nilimwogopa yeye au nilimwonea huruma. Mzee na Kogo walikwishazikwa, na wale wanne aliowatambua niliwaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maziko, kwa penseli.

Nyaboke alinikuta Litein Jumatano, kwenye hoteli iliyo karibu na soko. Amekuwa mama mnene wa heshima, muuguzi mstaafu, na amefiwa juzi tu, lakini alihakikisha nimekula. Aliniagizia chapati na maharagwe. Alikuwa amebeba kopo la mafuta ya Kimbo lililooshwa, kifuniko chake kimefungwa kwa leso ya buluu, akaliweka juu ya meza kati yetu, kando ya chumvi. Tukaenda kwa gari lake. Kanisa siku hizi lina mabati mekundu na spika, na maharusi huja kupiga picha kati ya makaburi ya Wazungu kwa sababu ya maua. Fremu yangu bado iko ukutani. Nilipita mbele yake nimeinamisha kichwa. Nyuma, ile miti kumi na mmoja imekwisha kurudi juu, mirefu kuliko nilivyoikuta, na ilikuwa na maua. Nyaboke akafungua leso. "Haya, Mwalimu. Ni gani?"

Nilikuwa nimekusudia kuonyesha. Hata kidole kilikuwa kimeanza kuinuka. Lakini niliona tayari amepiga magoti, na kopo limefunguliwa, na nikafikiri kwamba safari hii udongo huu unaenda kufukiwa pamoja na mtu, hautakuwa na Krismasi nyingine ya kusahihishwa. Nikamwambia yote. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama mtoto mbele ya darasa: panga, visiki, Mzee akipapasa, ni huu ama ni ule, na jinsi nilivyomchagulia mama yake mmoja kwa sababu sikuweza kumwona akizunguka vile. Nikasema, sijui, Nyaboke. Sikujua siku ile na sijui sasa.

Nyaboke aliweka kopo chini. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa hapa hiyo siku. Nilikuwa na sweta ya shule."

"Nakukumbuka."

"Mama alitetemeka mpaka nyumbani. Nilidhani ni baridi." Alitazama kopo lake. Alikuwa amekasirika, niliona shingo ilivyokaza, na nilifurahi kwamba amekasirika, kwa maana angalau mtu mmoja alikuwa na uhakika wa anachohisi. "Mwalimu, ungesema tu. Angelia, halafu angekaa katikati aongee na wote. Mama hakuwa mtu wa kushindwa na maneno."

"Najua."

"Hukujua." Akajifuta uso kwa kiganja cha mkono. "Huo alikalia ni gani?"

Nikamwonyesha ule wa karibu na ua, bila kusita, kwa kuwa hilo peke yake nililijua. Nyaboke akasogea hapo kwa magoti. Chini ya mti ule ardhi ilikuwa imebonyea kidogo, mahali pa gunia, na kikombe cha plastiki kilikuwa kimepinduliwa juu ya kisiki cha tawi. Akachota udongo kwa mkono, mara tatu, akasema na yule aliyekuwa chini kwa lugha yao, si Nyakundi pengine, mtoto wa mtu mwingine pengine, aliyeambiwa habari za ukoo usio wake kwa miaka arobaini na kitu, mahari zilizolipwa, ng'ombe waliozaa, nani amefaulu na nani amelewa. "Huyu ndiye anamjua mama," akaniambia huku akifunga leso. "Kama si wake, basi amekuwa wake. Ataenda na huyu."

Akainuka akakung'uta magoti. Tukajikuta sote tunatazama upande wa mfereji, kwenye ule mti mwingine, ambao chini yake nyasi zilikuwa zimesimama wima, hazijawahi kukaliwa. Nyaboke akanipa chupa ya chai aliyokuwa amebeba na kikombe cha kifuniko chake. "Mimi naenda kuzika mama," akasema. "Wewe uko karibu, kaa na huyo." Akazunguka kanisa kwenda kuningojea garini.

Nilienda. Nikakanyaga nyasi zikalala, nikakaa kwa shida kwa sababu ya goti langu, nikamimina chai nikaiweka chini kama nilivyoona ikifanywa. Mwalimu mzima, miaka thelathini na tano mbele ya darasa, na sikujua mtu aliyekaa kimya muda wote huo huanziwa wapi, wala ni mtoto au ni mtu mzima, wala anasikia lugha gani. Nikaanza na jina langu. Nikamwambia, naitwa Chelangat, mimi ndiye niliyekukata, na mama yako alikuwa akija.